Chumba cha leo hakiuzwi kesho: Hesabu ya hoteli ndogo mbele ya mawakala wa mtandaoni

Muuza nyanya wa soko la Mwanakwerekwe, Unguja, akifunga meza jioni na mafungu matano hayajanunuliwa, kesho yake ataamka nayo. Yatakuwa yamelegea na bei itashuka, lakini bado ni mali. Mwenye hoteli hana bahati hiyo. Chumba kilicholala wazi usiku wa Jumanne hakiwezi kuuzwa Jumatano. Usiku umekwenda, mapato yake yamekwenda nao, na mishahara ya siku ile inadaiwa palepale.

Huo ndio msingi wa biashara ya hoteli popote duniani, na ndio unaoeleza kwa nini teknolojia ya kuuza vyumba imekuwa na nguvu kubwa kiasi hiki. Somo la juma hili linawahusu wenye hoteli ndogo na nyumba za wageni za pwani, hasa Zanzibar, ambako wageni wameongezeka kwa kasi. Mwaka 2019 visiwa hivyo vilipokea wageni wapatao 538,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi kiasi cha 260,000. Mwaka 2024 walizidi 736,000.

Hata hivyo, wageni kuongezeka ni jambo moja, na fedha kubaki mkononi mwa mwenye hoteli ni jambo jingine. Hoteli inaweza kujaa msimu mzima na bado ikashindwa kulipa rejesho la benki mwezi wa Mei. Tofauti haitokani na idadi ya wageni peke yake. Inatokana na mlango walioingilia na kiasi kilichokatwa mlangoni hapo.

Ilikotoka biashara hii

Mfumo wa kuuza nafasi kwa kompyuta haukuanzia kwenye hoteli. Ulianzia kwenye ndege. Shirika la American Airlines la Marekani lilishirikiana na kampuni ya IBM kutengeneza mfumo ulioitwa Sabre, ulioanza kazi katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo nafasi za abiria ziliandikwa kwenye kadi na kutafutwa kwa mikono.

Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliacha kuwapangia mashirika ya ndege nauli na njia. Mashirika mapya yakaingia na nauli za chini. American Airlines haikuweza kushusha nauli zote, kwa kuwa gharama zake zilikuwa kubwa. Ilichofanya ni kutumia kumbukumbu za kompyuta yake kujua ndege ipi itajaa na ipi itakwenda na viti vitupu, kisha ikauza kwa bei ya chini vile viti tu ambavyo vingebaki wazi. Abiria wa biashara aliyekata tiketi dakika za mwisho aliendelea kulipa bei kamili. Mwaka 1985 mpango huo ulipanuliwa sana, na People Express, mmoja wa washindani wake wa bei nafuu, ilifikia mwisho wake mwaka 1987.

Hoteli kubwa za Marekani, Marriott ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zilijifunza kutoka hapo. Kiti cha ndege na kitanda cha hoteli vina tabia moja: visipouzwa kwa wakati wake vinapotea.

Hatua iliyofuata ilikuwa intaneti. Mwaka 1996 kampuni ya Booking.com ilianzia Uholanzi, na mwaka huohuo Expedia ilianzia ndani ya kampuni ya Microsoft. Tripadvisor, inayokusanya maoni ya wageni, ilianza mwaka 2000, na Airbnb mwaka 2008. Kwa mara ya kwanza nyumba ya wageni yenye vyumba vichache huko Jambiani au Nungwi iliweza kuonekana na mtu aliyekaa Warsaw au Milano, bila kupitia kwa wakala wa safari mwenye ofisi Ulaya.

Hiyo ni faida kubwa na haifai kubezwa. Lakini ina bei yake. Wakala wa mtandaoni hukata kamisheni kwa kila mgeni anayemleta, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 20. Kamisheni hupanda pale mwenye hoteli anapokubali kulipa zaidi ili aonekane juu kwenye orodha. Pia kuna mipango ya kuwapunguzia bei wateja wa kudumu wa wakala. Punguzo hilo linatoka mfukoni mwa mwenye hoteli, ingawa mgeni anamshukuru wakala.

Hesabu ya vyumba 12

Chukulia mfano wa nyumba ya wageni ya Jambiani yenye vyumba 12, inayouza chumba kwa Sh. 120,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi ya watu wawili. Kodi na ushuru wa serikali havimo katika mfano huu. Kila mmoja ataongeza kwa viwango vinavyomhusu.

Gharama zisizobadilika, yaani zinazolipwa hata kama hakuna mgeni, ni hizi kwa mwezi:

Mishahara ya wafanyakazi wanane: Sh. 3,800,000
Ulinzi, maji na umeme wa maeneo ya pamoja: Sh. 1,700,000
Intaneti, leseni na bima: Sh. 900,000
Matengenezo: Sh. 1,200,000
Rejesho la benki: Sh. 2,600,000
Jumla: Sh. 10,200,000

Gharama zinazobadilika ni zile zinazotokea pale tu chumba kinapolaliwa. Chai ya asubuhi Sh. 16,000, kufua mashuka na sabuni Sh. 7,000, umeme na maji ya chumba Sh. 12,000. Jumla ni Sh. 35,000 kwa usiku.

Mgeni akija moja kwa moja na kulipa Sh. 120,000, zinabaki Sh. 85,000 za kusaidia kulipa ile milioni 10.2. Kwa hiyo zinahitajika siku-chumba 120 kwa mwezi ili hoteli isipate hasara wala faida. Siku-chumba ni chumba kimoja kulaliwa usiku mmoja. Nyumba yenye vyumba 12 ina siku-chumba 360 kwa mwezi wa siku 30, hivyo inatosha theluthi moja kuuzwa.

Mgeni huyohuyo akiletwa na wakala anayekata asilimia 20, Sh. 24,000 zinakwenda kwa wakala. Zinabaki Sh. 61,000. Sasa zinahitajika siku-chumba 168.

Mwenye hoteli akikubali pia punguzo la asilimia 10 kwa wateja wa kudumu wa wakala, bei inakuwa Sh. 108,000. Kamisheni ni Sh. 21,600. Baada ya kutoa gharama za chumba zinabaki Sh. 51,400, na sasa zinahitajika siku-chumba 199. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwezo wote wa nyumba.

Chumba ni kilekile, mgeni ni yuleyule na chai ni ileile. Kilichobadilika ni mlango tu, na mzigo wa kufikia mahali pasipo hasara umepanda kutoka 120 hadi 199.

Msimu mkubwa hulisha masika

Wengine wakiona hesabu hiyo hukata shauri kuwa wakala ni mnyonyaji na afukuzwe. Hilo nalo ni kosa.

Biashara ya wageni Zanzibar hufuata majira. Julai na Agosti ni miezi mikubwa, na tena mwisho wa Desemba na Januari. Upande wa Paje na Jambiani upepo nao huleta wateja: wachezaji wa tiara za majini hufuata kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, ufukwe hubaki mtupu na baadhi ya hoteli hufunga.

Mwezi wa Mei, tuseme nyumba ya mfano imeuza siku-chumba 90, zote kupitia wakala kwa bei yenye punguzo. Zinaingia Sh. 4,626,000 baada ya gharama za vyumba. Hasara ya mwezi ni Sh. 5,574,000. Inauma, lakini bila wakala na bila mgeni hata mmoja hasara ingekuwa Sh. 10,200,000 nzima. Katika Mei, Sh. 51,400 za wakala hazishindani na Sh. 85,000 za mgeni wa moja kwa moja. Zinashindana na sifuri.

Agosti ni habari nyingine. Tuseme zimeuzwa siku-chumba 300. Mwenye hoteli wa kwanza ameacha mambo yalivyokuwa Mei: wageni wote wamepitia kwa wakala, na punguzo halijaondolewa. Anapata Sh. 15,420,000, akitoa gharama za mwezi zinabaki Sh. 5,220,000. Faida hiyo ya mwezi mkubwa kuliko yote haifiki hata hasara ya Mei moja.

Mwenye hoteli wa pili ana vyumba vilevile na idadi ileile ya siku-chumba. Lakini nusu ya wageni wake wamekuja moja kwa moja, na ile nusu ya wakala ameiondolea punguzo tangu Juni, kwa kuwa alijua Agosti itajaa. Nusu ya kwanza inampa Sh. 12,750,000 na ya pili Sh. 9,150,000. Akitoa gharama za mwezi zinabaki Sh. 11,700,000. Huyu anaweza kubeba Mei mbili na akabaki na chenji.

Hapa ndipo mkakati unapotengana na teknolojia. Kompyuta na simu ni zilezile kwa wote wawili. Wa pili alichofanya ni kumfungulia wakala mlango wakati wa njaa na kuupunguza wakati wa shibe, kama American Airlines ilivyofanya na viti vyake.

Kwa sababu hiyo kalenda ya bei haina budi kuandikwa upya kila mwaka. Idd na Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, hivyo kilichokuwa kweli kwa Aprili ya mwaka huu huenda kisiwe kweli mwakani. Tamasha la Sauti za Busara hujaza Mji Mkongwe kila Februari. Sikukuu zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu huwatoa wakazi wa Dar es Salaam, ambao boti huwafikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mwenye hoteli aliyeacha bei moja kwa miezi 12 anauza kwa hasara siku zilizojaa, na anafukuza wateja siku zilizo tupu.

Bei mbili za chumba kimoja

Mgeni wa moja kwa moja hapatikani kwa kusubiri. Mara nyingi huyu ni mtu aliyekwishaiona hoteli kwa wakala, kisha akatafuta namba ya simu. Mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo mama. Nipo Dar. Chumba cha Ijumaa hadi Jumapili mnauzaje?"

"Marhaba mwanangu. Laki moja na ishirini kwa usiku."

"Mbona kwenye mtandao nimeona laki na nane?"

Mama anayejibu "basi lipia hukohuko" amejipunguzia Sh. 21,600 kwa kila usiku kwa mdomo wake mwenyewe. Anayejua hesabu yake atasema: "Ukilipa kwangu nakufanyia laki na tano, na nitakutunzia chumba cha mbele ya bahari." Mgeni ameokoa Sh. 3,000. Mama, akitoa gharama za chumba, anabaki na Sh. 70,000 badala ya Sh. 51,400. Wote wawili wamefaidi.

Hata hivyo, kabla ya kutangaza bei ya chini kuliko ya wakala, ni lazima mkataba usomwe. Mikataba mingi ya mawakala imekuwa na kipengele kinachomkataza mwenye hoteli kuuza kwa bei ya chini mahali pengine, hata kwenye ukurasa wake mwenyewe wa intaneti. Jambo hili limezua kesi kubwa Ulaya. Ufaransa ilivifuta vipengele hivyo kwa sheria mwaka 2015. Ujerumani, baada ya mvutano wa miaka mingi, mahakama ya juu iliamua mwaka 2021 dhidi ya Booking.com. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliviondoa katika mikataba yake ya nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya.

Sheria hizo ni za Ulaya na hazimlindi mwenye hoteli wa Jambiani. Kama mkataba wake unakataza bei ya chini hadharani, bado anaweza kumpa mgeni wa moja kwa moja kitu kisicho bei: chumba kizuri zaidi, chakula cha mchana siku moja, au kupokelewa bandarini. Chakula cha mchana kinachomgharimu Sh. 10,000 jikoni ni nafuu kuliko kamisheni ya Sh. 24,000.

Mgeni akishafika, asiondoke akiwa mgeni wa wakala. Aombwe ridhaa ya kuandikwa jina na namba yake, na aambiwe wazi kuwa safari ijayo apige simu moja kwa moja. Wakala alilipwa kwa kumtambulisha mara ya kwanza. Mgeni akirudi mara ya pili na ya tatu kwa njia ileile, hoteli inalipia utambulisho wa mtu inayemjua tayari.

Daftari moja, mtu mmoja

Hasara nyingine hutokana na kuuza chumba kimoja mara mbili. Hoteli imejiandikisha kwa mawakala watatu, ina simu ya mapokezi, na ina mwenyewe anayepokea wageni kwa WhatsApp akiwa mjini. Chumba namba 4 kinauzwa saa nne asubuhi kwa simu, na saa nne na nusu kwa wakala kwa kuwa hakuna aliyekifunga. Mgeni wa pili akifika usiku na mabegi yake, hoteli italipa gharama za kumpeleka kwingine, na maoni atakayoandika yatasomwa kwa miaka.

Zipo programu zinazounganisha mawakala wote, ili chumba kikiuzwa upande mmoja kifungwe pande zote kwa mara moja. Hoteli ya vyumba 30 yenye mawakala wengi haiwezi kukwepa gharama hiyo. Nyumba ya vyumba 12 yenye wakala mmoja au wawili yaweza kuendelea na daftari, kwa sharti kwamba daftari ni moja na mwenye kalamu ni mmoja. Kununua programu huku kila mtu akiendelea kuahidi vyumba kwa simu yake hakuondoi tatizo.

Kuhusu wanaojiandikisha kisha wasitokee, msimu mkubwa udai malipo ya awali. Malipo kwa simu yamerahisisha jambo hilo kwa wageni wa ndani. Mei, mwenye hoteli anaweza kuruhusu mgeni kughairi hadi dakika za mwisho, kwa sababu hana wa kumkosa. Agosti, anayeghairi jana yake amemfukuza mgeni mwingine aliyekwishaambiwa hakuna nafasi.

Teknolojia ya nyuma ya nyumba

Mara nyingi neno teknolojia humfanya mtu afikirie skrini. Lakini katika mfano huu umeme na maji ya chumba ni Sh. 12,000 kwa usiku, nusu ya kamisheni ya wakala. Kiyoyozi kinachoachwa kikiunguruma mgeni akiwa baharini, na maji yanayochemshwa kwa umeme mahali penye jua mwaka mzima, ni fedha zinazovuja kimyakimya.

Chombo cha kuchemsha maji kwa jua, pamoja na swichi inayozima umeme wa chumba mgeni anapotoka na ufunguo, vikipunguza gharama hiyo hadi Sh. 8,000, mwezi wa siku-chumba 300 utaokoa Sh. 1,200,000. Ni karibu nusu ya rejesho la benki. Tena Unguja haijasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme baada ya hitilafu ya njia ya kutoka bara. Hoteli iliyotegemea jenereta kwa kila kitu iliuona uzito wa kila kilowati.

La kufanya kabla ya msimu ujao

Kwanza, mwenye hoteli aandike gharama zake zisizobadilika na zile za kila chumba kinacholaliwa. Bila namba hizi mbili hawezi kujua kama bei aliyokubali ni biashara au ni sadaka.

Pili, ajue bei ya chini kabisa kwa kila mlango. Katika mfano huu, kwa wakala wa asilimia 20, bei isiyozidi Sh. 43,750 haiachi hata senti moja baada ya gharama za chumba.

Tatu, afungue daftari la mwaka uliopita na kutia alama usiku uliojaa, uliojaa nusu na uliokuwa mtupu. Hiyo ndiyo kalenda yake ya bei, baada ya kurekebisha tarehe za Idd.

Nne, punguzo la wateja wa kudumu wa wakala liwe na mwanzo na mwisho. Likiachwa wazi litafanya kazi Agosti kama lilivyofanya Mei.

Tano, kila mwisho wa mwezi ahesabu wageni kwa mlango: wangapi kwa wakala, wangapi moja kwa moja, wangapi wamerudi. Kama wa moja kwa moja ni mmoja kati ya kumi mwaka huu, alenge wawili mwakani. Kwa nyumba ya vyumba 12 inayouza siku-chumba 300 katika mwezi mkubwa, hatua hiyo ndogo ni siku-chumba 30 zaidi, na kila moja, kwa bei kamili, huacha Sh. 24,000 ambazo zingekatwa. Jumla ni Sh. 720,000 kwa mwezi, zaidi ya mshahara wa mfanyakazi mmoja katika mfano huu.